Sala Zilizogeuzwa Ngano

Mwaka 399 KK mahakama ya Athens ilimhukumu Socrates kifo, lakini sumu haikuletwa upesi. Siku moja kabla ya kesi, kuhani wa Apollo alikuwa amekwisha kukivika maua chombo kitakatifu kilichokwenda kila mwaka kisiwani Delos kwa ibada ya Apollo, na sheria ilikataza mji kujitia unajisi kwa kumwua mtu mpaka chombo hicho kirejee. Safari ikachukua muda. Gerezani, mwanafalsafa huyo wa miaka 70, ambaye hakuwahi kutunga shairi, akatunga utenzi wa kumsifu Apollo, mwenye sikukuu ile iliyomcheleweshea kifo. Plato ametuwekea habari hii katika Phaedo. Socrates aliwaeleza marafiki zake kwamba maisha yake yote ndoto ilikuwa ikimjia na kumwamuru ashughulike na sanaa ya muziki, naye hakutaka kuondoka duniani kabla ya kutii. Hakuna jukwaa lililomngoja, wala tuzo.

Sasa chukua vitabu vinavyowatambulisha vijana wetu kwa Wagiriki wa kale, au filamu, au michezo ya kompyuta iliyojaa majina ya Zeus na Poseidon, au hata mihadhara ya baadhi ya vyuo. Humo tunaambiwa kwamba tungo za Wagiriki za kusifu miungu ni ngano zilizotiwa mizani. Waliozitunga, twaambiwa, walikuwa wasanii wakitafuta visa vya kusisimua. Waliozisikiliza walitaka burudani. Miungu yenyewe ilikuwa na tabia mbaya mno hata mtu mwenye akili zake asingeweza kuisujudia kwa moyo. Kwa hiyo kisa kichukuliwe, na salamu za mwanzo na dua ya mwisho ziachwe, maana hizo ni mapambo tu.

Naikataa rai hii, tena siikatai nusu. Tungo hizi zilikuwa ibada. Zilitungwa ziwe zawadi iliyowekwa mbele ya mungu, pamoja na nyama ya kafara, divai na ubani, na anayezisoma bila kulijua hilo anakosa hata uzuri wake kama mashairi, kwa sababu kila kilichomo kimepangwa kumwelekea msikilizaji mmoja asiyeonekana. Mimi simwabudu Apollo na simwombi msomaji amwabudu. Ninachodai ni haki kwa watu waliosali: tusiseme kwa niaba yao kwamba walikuwa wakicheza.

Ushahidi mzito kuliko wote uko kwenye mawe, na ni ajabu jinsi unavyopitwa haraka. Erythrae ulikuwa mji wa Wagiriki katika pwani ya Uturuki ya leo, mkabala na kisiwa cha Chios. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 4 KK watu wa huko walichonga juu ya jiwe taratibu za kafara kwa Apollo na Asclepius, mungu wa uponyaji: nani atoe nini, lini, na wimbo gani uimbwe kuizunguka madhabahu. Kisha wakauchonga na wimbo wenyewe, wa kumsifu Asclepius na jamaa yake na kuomba afya. Wengi waliofika kwa mungu huyo walikuwa wagonjwa. Walilala katika uwanja wa hekalu wakisubiri ndoto ya kuwaponya, na waliopona walikuja kushukuru.

Miaka zaidi ya 400 ikapita. Falme zikainuka na kuanguka, Aleksanda akaja na kwenda, Roma ikatawala. Mwaka 97 BK wimbo uleule ukachongwa tena Ptolemais, mji wa Misri ya juu, kando ya Nile. Nakala nyingine zimepatikana Athens na huko Dion, Makedonia. Lakini ile ya Ptolemais ina jambo ambalo hizo nyingine hazina: imeongezwa ubeti unaoomba maji ya Nile yaufikie mji na nchi nzima ya Misri. Nawauliza wanaosema hizi zilikuwa ngano za burudani: ni ngano gani ambayo watu huihifadhi neno kwa neno kwa karne 4, wakaisafirisha kuvuka bahari, kisha wakaitia haja yao wenyewe ya mafuriko na mavuno? Hivi ndivyo watu wanavyoifanyia sala. Waliirithi, wakaiamini, wakaiongezea shida zao.

Wala Erythrae haiko peke yake. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, aliiona tungo ya Pindar ya kumsifu Amoni ikiwa imechongwa kwenye nguzo ya pembe tatu karibu na madhabahu ya mungu huyo kule Libya, karibu miaka 600 baada ya mshairi mwenyewe kufa. Kule Palaikastro, mashariki mwa kisiwa cha Krete, wachimbaji wa Uingereza walifukua mwaka 1904 vipande vya jiwe lenye wimbo wa kumwita Zeus kijana aje mlima Dikte kila mwaka. Maneno yake ni ya karne ya 4 au ya 3 KK. Jiwe lenyewe ni la karne ya 3 BK. Mtu hulipia mchongaji wakati neno bado lina kazi.

Kisha kuna Delphi, penye hekalu la Apollo. Mwaka 1893 wanaakiolojia wa Ufaransa waliinua kutoka kifusini vipande vya ukuta wa hazina ya Waathene, na juu yake wakakuta nyimbo mbili za kumsifu Apollo, moja ya Limenius na nyingine ya Athenaeus. Juu ya maneno kulikuwa na alama za muziki, sauti kwa sauti. Ziliimbwa na chama cha wasanii wa Athens walipokuja kuhiji Delphi mwaka 128 KK. Ule wa Limenius unafuata safari ya Apollo kutoka Delos hadi Delphi, unakumbusha jinsi alivyoilinda Delphi dhidi ya Wagauli, waliolishambulia hekalu mwaka 279 KK, na unamalizia kwa kuiombea Delphi, Athens na hata utawala wa Roma. Ni dua ya watu wenye historia ya karibu na hofu za kisiasa za wakati wao. Walichonga muziki juu ya ukuta mtakatifu ili mungu abaki nao baada ya waimbaji kurudi makwao.

Yaliyoipata tungo ya Athenaeus baada ya hapo yanaonyesha rai ninayoipinga ikiwa kazini. Mwaka 1894, katika kongamano la Sorbonne lililoanzisha upya michezo ya Olimpiki, wimbo huo uliimbwa mbele ya wajumbe, Gabriel Fauré akiwa ameutungia muziki wa kuusindikiza. Wajumbe waliguswa sana, na ilistahili waguswe. Lakini tangu hapo jiwe lile limezungumziwa kama hazina ya historia ya muziki, na ombi lililomo likawa kama halipo.

Nije kwenye hoja inayotegemewa zaidi na wapinzani wangu, hoja ya aibu. Husema: tazameni miungu yao, wezi, wazinzi, waongo. Na mfano wanaoukimbilia ni utenzi wa Hermes, mmojawapo wa zile tenzi 33 zilizopewa jina la Homer. Siku ileile ya kuzaliwa kwake, Hermes anatengeneza zeze kwa gamba la kobe, na usiku wake anaiba ng'ombe 50 wa kaka yake Apollo, akiwaendesha kinyumenyume ili nyayo zipoteze lengo. Apollo anamkamata na kumfikisha mbele ya baba yao Zeus. Mtoto anakana waziwazi. Zeus anacheka.

Aliyelelewa katika dini ambayo kicheko mbele ya Mungu ni kufuru ataona hapa dhihaka tupu, na namwelewa. Lakini asome mpaka mwisho. Apollo bado ana hasira, naye ana nguvu kuliko mtoto. Hermes anachukua zeze na kuanza kuimba habari za miungu wote, jinsi kila mmoja alivyotokea na fungu lake alivyolipata, akiwataja kwa daraja zao. Anaimba, kwa maneno mengine, utenzi wa sifa. Na hasira ya Apollo inayeyuka. Mungu aliyekuja kudai ng'ombe wake anaona zeze lile lina thamani sawa na kundi zima; ndugu wawili wanapatana na kugawana heshima. Hapa utenzi unaeleza kazi yake wenyewe: wimbo wa sifa ukiimbwa vizuri humgeuza mungu aliyekasirika awe rafiki. Ndilo jambo lilelile analolisimulia Homer katika kitabu cha kwanza cha Iliad, ambapo jeshi lililopigwa na tauni linamwimbia Apollo mchana kutwa, naye anasikia na kufurahi. Katika utenzi unaotolewa kama ushahidi kwamba Wagiriki hawakusali kwa dhati ndimo yalimo mafundisho yaliyo wazi kabisa kuhusu nini sala ya sifa hufanya.

Na wizi wenyewe? Hermes ni mungu wa wanaovuka mipaka: wachungaji, wasafiri, wafanyabiashara, wajumbe, na roho za wafu anazozisindikiza kwenda kuzimu. Kisa cha ng'ombe kinaonyesha hakuna mlango wala mpaka unaomzuia. Kumsifu mungu, kwa Mgiriki, kulikuwa kutaja nguvu zake katika tendo lililozidhihirisha kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana Apollo anasifiwa kwa kumwua joka la Delphi, na Demeter kwa huzuni ya kunyang'anywa binti yake Persephone, huzuni kubwa mno hata ardhi ikagoma kuotesha nafaka. Mkulima wa Eleusis, penye hekalu la Demeter, aliyeusikia utenzi huo alijua kwamba mungu mwenye uchungu wa namna ile ndiye aliyeshika mkate wa watoto wake. Kisa ndicho kilichokuwa sifa.

Ni kweli kwamba Wagiriki wenyewe walilumbana juu ya visa hivi. Xenophanes, katika karne ya 6 KK, aliwashambulia Homer na Hesiod kwa kuipa miungu aibu za binadamu, na jina lake hutajwa kila mara kana kwamba aliifunga dini ile. Asome mtu shairi lake la karamu. Humo Xenophanes huyohuyo anataka kabla ya yote watu wamsifu mungu kwa maneno safi na habari za heshima. Alitaka sifa zitakaswe, hakutaka zikome. Plato naye, ambaye anakumbukwa kwa kuwafukuza washairi katika dola lake la mawazo, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri anaacha mlango wazi kwa tungo za aina mbili tu: sifa za miungu na sifa za watu wema. Kama sifa hizi zingekuwa ngano kama ngano nyingine, zingekuwa za kwanza kutolewa nje.

Hoja nyingine husema hii ilikuwa biashara: nipe nikupe, wimbo kwa mavuno. Hapa nitakubali kilicho kweli. Utenzi wa Demeter unamalizikia kwa kuomba riziki njema badala ya wimbo. Ule wa Krete unaomba baraka ziingie katika mifugo, mashamba, miji, vyombo vya baharini na vijana wa mji. Waliomba, tena bila haya. Lakini ni waumini gani wasioomba? Mwislamu huinua mikono baada ya swala, Mkristo huomba riziki yake ya kila siku, na hakuna anayewaita wafanyabiashara. Tena hongo haihitaji uzuri. Mashindano ya kale kabisa ya Delphi, kwa habari za Pausanias, hayakuwa ya mbio wala mieleka. Yalikuwa ya kumwimbia mungu sifa. Huko Delos wasichana wa kisiwa waliimba wakianza na Apollo, kisha mama yake Leto na dada yake Artemis, kwa ustadi ambao mtunzi wa utenzi wa Apollo anausimulia kwa mshangao. Kazi ile yote ya sauti na miguu ilifanywa kwa sababu waliamini mungu anafurahia kitu kizuri, na kwamba furaha yake ndiyo inayofungua mkono wake.

Wenye elimu zaidi hukimbilia Alexandria. Callimachus, mzaliwa wa Kurene, msomi aliyeandaa orodha ya vitabu iliyojaza mikunjo 120, aliandika tenzi 6 za miungu katika karne ya 3 KK. Huyu, tunaambiwa, alikuwa mtu wa maktaba. Sifa zake ni mchezo wa kitabu. Sijui ni lini tulikubaliana kwamba mtu aliyesoma sana hawezi kusali. Tenzi zake mbili za mwisho zinamweka msomaji ndani ya ibada: wanawake wamefunga saumu wakingoja kikapu cha Demeter kipite, au wako tayari kuiosha sanamu ya Athena mtoni. Wapo wanaobisha kama ziliimbwa kwenye sikukuu zenyewe. Hata zisingeimbwa, mtunzi anayeweza kumtia msomaji hofu ya mungu anayekaribia anaandikia watu waliowahi kuijua hofu hiyo.

Na anayetaka mfano wa akili kali iliyopiga magoti amtazame Cleanthes. Alitoka Assos, maskini. Usiku aliteka maji ya bustani kwa ujira ili mchana asome falsafa kwa Zeno, na mwishowe akawa kiongozi wa shule hiyo, ya wanafalsafa waitwao Wastoa. Zeus, kwake, ni akili inayouendesha ulimwengu mzima kwa sheria moja. Mtu mwenye itikadi hiyo angeweza kuandika risala akatosheka. Akaandika utenzi wa kumsifu Zeus, wenye kumwita kwa majina yake, kutaja nguvu zake na kumwomba awaokoe wanadamu na ujinga unaowaangamiza. Mpangilio ni uleule wa Delphi na Krete. Katika Matendo ya Mitume, Paulo akisimama Areopago mbele ya Waathene anatumia kauli ya washairi wao kwamba wanadamu ni wazao wa Mungu. Kauli hiyo imo kwa mshairi Aratus, na wazo hilohilo limo katika utenzi wa Cleanthes. Paulo alikuja kuwapinga, lakini hakuwaambia kwamba tungo zao ni ngano. Alizikuta zinazungumza na Mungu, akaanzia hapo.

Limebaki jiwe moja ambalo hutupwa kila mjadala huu unapozuka: wimbo ambao Waathene walimwimbia jemadari Demetrius, aliyeitwa Mteka-miji, karibu na mwaka 290 KK. Walimpokea kama mungu, wakasema wazi kwamba miungu wengine wako mbali, au hawana masikio, au hawapo, lakini yeye wanamwona kwa macho. Basi, husemwa, tazameni jinsi imani ilivyokuwa nyepesi. Nauona wimbo huo kuwa wa kusikitisha, na nausoma kinyume. Watu wanaolalamika kwamba mungu hana masikio ni watu waliozoea kusikilizwa, au waliolilia kusikilizwa wakachoka. Mji ule ulikuwa umeshindwa vita, umetawaliwa na majeshi ya kigeni, na ndani ya wimbo huohuo unaomba amani, halafu ulinzi dhidi ya Waetolia. Ni sala iliyogeuziwa mtu kwa kukata tamaa. Na haikupita bila aibu: Demochares, mpwa wa Demosthenes, aliandika kwa uchungu juu ya watu wa mji wake waliojishusha hivyo. Kama sifa za miungu zingekuwa maneno matupu, hakuna ambaye angeona kitu chochote kimechafuliwa.

Kwa msomaji wa Kiswahili kosa hili halina sababu ya kuendelea. Walioisoma Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi ya tamthilia ya Sophocles, wanakumbuka mji uliopigwa na tauni na wazee wanaoingia wakiimba. Wimbo ule wa kuingia ni wa namna hii hasa: unawaita Athena, Artemis na Apollo kwa vyeo vyao, unawakumbusha msaada wa zamani, unaomba waje sasa. Darasani huwa tunaupita haraka tufike kwenye fumbo la nani alimwua mfalme. Athens yenyewe ilipigwa na tauni mwaka 430 KK. Waliokaa kwenye ngazi za ukumbi kuitazama tamthilia hiyo yaelekea walikuwa na makaburi ya jamaa zao nyuma yao. Sophocles huyo alitunga pia wimbo wa kumsifu Asclepius, na sehemu yake ilikuwa bado inachongwa kwenye jiwe Athens karne nyingi baada ya kifo chake.

Kwa hiyo madai yangu kwa watafsiri, walimu na wahariri ni haya. Anayetuletea habari za Persephone aulete utenzi wote, ulionusurika katika mswada mmoja tu, uliopatikana Moscow mwaka 1777, ambao sasa uko Leiden. Asianze na binti akichuma maua. Aanze na mtunzi anapomtaja Demeter. Asimalize pale binti anaporudi kwa mama yake. Beti za mwisho, zenye kuomba riziki na kuahidi kwamba mungu atakumbukwa katika wimbo mwingine, ziwekwe kwa ukamilifu na zisomwe kwa sauti.